Gundi Huwekwa Juu

Saquina hakuwahi kuweka gundi chini hata siku moja. Viatu angevua popote, sufuria ya wali angeisahau uani kuku wakaidonoa, lakini gundi, ng'oo! Gundi ilikaa juu. Ndivyo alivyolelewa. Baba yake, Mzee Fauzi, alikuwa fundi wa kutengeneza misahafu na juzuu zilizochakaa, na mtu yeyote wa Palma, hata wa Mucojo huko kusini, msahafu wake ukianza kuachia kurasa aliufunga kwenye kitambaa safi akampelekea yeye. Mzee alitia udhu, akapika gundi ya unga wa muhogo kwa maji ya karafuu, ikapoa, akaitia kwenye chungu kidogo, kisha akakipandisha chungu mpaka kwenye ubao alioutundika chini ya makuti. "Kinachoshika maneno ya Mungu hakikai penye nyayo za watu," alikuwa akisema. Mtoto aliyethubutu kukishusha alichapwa. Saquina alichapwa mara mbili, ya pili ikamtosha kwa maisha yake yote.

Sasa mzee alishafariki, na Saquina mwenyewe alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na saba. Aliwahi kuolewa na Selemane, mvuvi mwenye maneno matamu, wakaishi miaka kumi na moja, halafu Selemane akamuoa Chamima, na miezi mitatu haikupita Saquina akapewa talaka. Hakupiga kelele. Alichukua sanduku lake la nguo akarudi nyumbani kwa baba, na mwaka huohuo akaomba kazi serikalini. Alipewa ya servente, yaani mfagiaji, mpika chai, mshika funguo na mtumwa wa kila mwenye kidole cha kuelekeza. Miaka tisa alifanya kazi hiyo kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila Desemba roho juu juu: watamwongeza au watamtoa? Chamima, ambaye ulimi wake haukujaaliwa mlango, alikuwa akisema sokoni kwamba Saquina atafagia ofisi za watu mpaka azikwe na ufagio wake. Yalimfikia. Maneno ya sokoni hayakosi miguu.

Basi ikaja gesi. Mwaka wa tatu tangu ile habari kwamba chini ya bahari yetu kuna gesi ya kulisha dunia nzima, Palma ilifurika wageni hata vyumba vya uani vikapangishwa, na ikasemwa kwamba mashamba ya rasi ya Afungi yatachukuliwa. Ikaundwa timu ya kuandika kila mwenye shamba: jina lake, miti yake, na sura yake. Timu ilipanga nyumba ya bati karibu na soko, na Saquina akaazimwa kwao na funguo zake. Mkuu wao aliitwa Custódio, mtu wa Quelimane, mwembamba, mwenye haraka, ambaye Kiswahili alikiokota Palma na kukichanganya na Kireno chake bila aibu. Msaidizi wake alikuwa Telma, binti wa Nampula, mpole, mwandishi mzuri wa mkono.

Siku ya kwanza kabisa Custódio alimwita Saquina pembeni.

"Mamã Saquina, vitu vyote vya ofisi vitakuwa mikononi mwako. Karatasi, wino, gundi, kila kitu. Ukinitunzia vizuri mpaka mwisho, nitakuandikia barua uajiriwe moja kwa moja, yaishe haya mambo ya mkataba wa mwaka. Sanduku la kadi likienda Pemba, faili lako litakuwa humo ndani."

Saquina alijibu "Ahsante, chefe" kwa sauti ya kawaida, akaenda nyuma ya nyumba akasujudu kwenye mchanga. Kuajiriwa moja kwa moja! Maana yake ni uzee wenye heshima, na kifo kisicho na ufagio.

Gundi ililetwa kutoka Pemba na Agostinho, dereva wa timu, kwenye dumu la lita tano. Nyeupe, nzito, imefungwa vizuri. Ubavuni mwa dumu palikuwa na maandishi madogo ya Kireno ambayo Saquina hakuyasoma, maana shule aliachia darasa la pili, na wala hakuona haja. Gundi ni gundi. Kadi zile ndizo zitakazoshika majina ya watu na mashamba ya babu zao, kwa hiyo si kitu cha kuachwa sakafuni. Alipanda juu ya kiti, akaliweka dumu kwenye rafu ya juu kabisa, kiasi cha shubiri mbili kutoka kwenye bati, akaridhika.

Wiki ya sita gundi ikaanza kuwa nzito na kufanya mabonge. Nalo lilikuwa na dawa yake, kwa aliyelelewa na Mzee Fauzi: gundi ikiganda unailegeza kwa maji ya moto, unakoroga, inarudi. Akatia maji ya moto kwenye dumu, akakoroga na mwiko, ikalainika kama tui. Telma akafurahi. "Sasa inapakika vizuri, mamã!" Na kwa siku nne mfululizo alibandika picha mia mbili na arobaini kwenye kadi mia mbili na arobaini, akizipanga kwenye sanduku la mbao.

Hapo niwaambie jambo moja msije mkasema picha ni urembo tu. Majina ya pwani yetu mnayajua. Kwenye orodha ile kulikuwa na akina Ussene kumi na wanne, na kati yao watano ni Ussene Selemane. Akina Chamima walikuwa saba. Wakubwa wa Pemba hawamjui Chamima wa minazi arobaini wala Chamima wa mikorosho mitatu. Watakachojua ni sura iliyobandikwa juu ya jina. Sura ikitoka, shamba limekwenda na maji.

Sanduku lilitakiwa kuondoka Alhamisi saa nne asubuhi. Agostinho angelala Mocímboa, na Ijumaa kabla ofisi haijafungwa awe amelifikisha. Baada ya hapo orodha inafungwa, na asiyekuwemo ameachwa.

Alhamisi hiyo Saquina alifika mapema kuliko wote, kama kawaida yake. Akafungua madirisha, akaanza kufagia. Chini ya meza ya Telma ufagio ukavuta kijikaratasi. Akainama, akakigeuza, na nani anamtazama? Chamima. Chamima mwenyewe, mke wa Selemane, amevimba uso kama mtu aliyekaribishwa chai baridi.

Saquina alicheka kidogo. Mnisamehe, lakini hata wewe ungecheka. Kisha kicheko kikamkauka. Picha hii ilibandikwa jana, imefikaje chini?

Akaliendea sanduku. Lilikuwa halijafungwa. Akatoa kadi ya kwanza, picha ipo. Akaiinamisha kidogo tu, picha ikateleza ikamwangukia mkononi. Ya pili ikashika. Ya tatu ikatoka alipoigusa kwa ukucha. Ya tano ilikuwa imeshatoka tayari, imekaa mgongoni mwa kadi ya sita. Nyuma ya kila picha palikuwa na ungaunga mweupe, mkavu, usioshika hata vumbi. Alirudisha kila picha kwenye kadi yake, na ile ya Chamima akaifunga kwenye pindo la kanga, maana hakujua hata ni ya kadi ipi.

Lakini wakati huo hofu yake ilikuwa ya mtu asiye na kosa. Watu wa Pemba bwana! Wametuletea gundi mbovu! Alishaipanga sentensi yake: chefe akiingia tu, atamwambia, "Chefe, gundi ya Pemba imetuaibisha." Chefe atapiga simu, atafoka, wa kufokewa atakuwa huko mbali. Akapanga vijiko na vikombe, akachemsha maji, akasubiri.

Saa tatu jua lilikuwa limeshaipata nyumba sawasawa, na bati likaanza kualika kwa joto. Saquina akaona heri alishushe dumu, chefe aone ubovu kwa macho yake. Akapanda juu ya kiti, akanyoosha mikono, akalishika.

Dumu lilikuwa la moto. Si vuguvugu, la moto, kama birika alilotoka kuliinua jikoni. Akafungua kifuniko, ikamjia harufu ya siki. Akagusa bati juu yake, akautoa mkono upesi. Alibaki amesimama juu ya kile kiti, uso wake karibu na bati, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza maishani akajiuliza swali ambalo Mzee Fauzi hakuwahi kuulizwa: kule juu kwa baba palikuwa na nini? Makuti. Palikuwa na kivuli na upepo wa bahari unaopita kati ya kuti na kuti. Kule juu ndiko kulikokuwa na ubaridi kuliko pote nyumbani. Na hapa je? Hapa alikuwa ameipika gundi ya watu miezi miwili mizima, kila siku ya Mungu, halafu akaimalizia kwa maji ya moto.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Yallah, ni mimi."

Mlango ukalia. Custódio akaingia na Telma nyuma yake, wote wamevaa nguo za kupendeza kwa ajili ya siku ya mwisho.

"Bom dia, mamã! Unatafuta nini huko juu, popo?"

Saquina akashuka. Sentensi yake aliyoipanga ikawa imekufa mdomoni. Akamimina chai, ikamwagikia sahani. Custódio hakuona. Alikuwa ameshika faili jembamba la rangi ya kijani, akamwonyesha kwa tabasamu.

"Hili unalijua? La kwako. Barua nimeitia saini jana." Akalilaza juu ya kadi zote, ndani ya sanduku. "Nimeandika kwamba Saquina Fauzi anajua kutunza mali ya serikali."

Kauli hiyo ilimchoma kuliko tusi. Telma akampigia makofi. Nje Agostinho akapiga honi mara moja, kuwakumbusha. Custódio akalifunika sanduku, akachukua utepe mpana wa kufungia, akaanza kuuzungusha. Mzunguko mmoja. Saquina alisimama ukutani na birika mkononi. Nyamaza, moyo ulimwambia. Nani atajua? Sanduku litafunguliwa Pemba, watasema ni njia, ni mashimo, ni joto la gari. Faili lako litakuwa limeshafika. Miaka tisa, Saquina! Mzunguko wa pili. Akamkumbuka bibi mmoja kikongwe aliyekuja kwa miguu kutoka rasini kupigwa picha, hajapigwa tangu azaliwe, akauliza kama akikohoa picha itaharibika. Sura ya bibi yule sasa imelala humo kizani, haina jina. Custódio akachukua muhuri, akaupulizia.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na Saquina alilisema jambo lake kama mwanamke anayejifungua, kwa kupiga ukelele.

"Chefe, usifunge!"

Muhuri ukabaki hewani.

"Picha zinatoka. Zote. Fungua uone."

Custódio alimtazama, akamtazama Telma, akauchana ule utepe. Alitoa kadi moja akaitikisa, picha ikaanguka mezani. Akatikisa nyingine. Ya nne alipoitikisa Telma alishaanza kulia. Custódio hakulia, yeye aligeuka rangi. Alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Meu Deus! Kesho orodha inafungwa! Nani alitunza gundi?"

Swali la namna hiyo halina haja ya jibu, kila mtu anajua. Agostinho alikuwa amefika mlangoni, funguo za gari mkononi, kuuliza kinachowachelewesha. Custódio alimwona, na Saquina akaona wazo linamwingia yule bwana usoni. Akashusha sauti.

"Sikilizeni. Gundi ililetwa na Agostinho. Siku mbili njiani, juani, nyuma ya gari. Imeharibikia huko. Tukiandika hivyo tutaongezewa wiki moja, na hakuna mtu wa ofisi hii atakayeumia. Mamã Saquina, wewe ndiye uliyepokea. Sema ilikuja imeharibika, basi."

Agostinho alikuwa baba wa watoto watano, na gari lile halikuwa lake. Alimtazama Saquina tu. Nanyi mngemwona Saquina wakati ule mngemhurumia, maana mlango wa kutokea alifunguliwa upana wote, na mwenye kuufungua ni mkubwa wake mwenyewe.

"Hapana, chefe," alisema. "Gundi ilikuja nzima. Niliifungua mimi, ilikuwa nzito, nzuri. Niliiweka mimi juu karibu na bati, na niliitia maji mimi."

"Juu? Kwa nini juu? Kuna sakafu ya saruji, baridi, na kabati tupu!"

"Kwetu gundi haikai chini, chefe. Ya baba yangu ilikuwa ya kushika misahafu."

Custódio akaingiza mkono sandukuni, akatoa faili la kijani, akaliweka juu ya meza ya Telma, mbali.

"Barua yangu inasema kitu ambacho leo si kweli," alisema. "Siwezi kuituma."

"Naelewa, chefe."

Alielewa, ndiyo, lakini ilimuuma, wallahi ilimuuma mpaka kwenye meno. Alitaka kukaa chini palepale. Hakukaa. Aliweka birika mezani, akajifunga kanga kiunoni.

"Agostinho hawezi kuondoka saa nne," alisema. "Akiondoka saa kumi je, atafika?"

"Nitafika," Agostinho alijibu upesi. "Hata nisilale."

"Basi nipeni unga wa muhogo na karafuu. Nitapika ya baba."

Custódio alicheka kwa uchungu. "Uji? Utabandika kadi za serikali kwa uji? Mende wataula wote kabla haijafika Jumatatu."

"Mende hawali karafuu, chefe. Kuna misahafu ya baba hapa mjini ina miaka hamsini, na mende wapo."

Custódio hakuwa na njia nyingine. Telma alikimbia sokoni. Saquina alitawadha kwanza kwa maji ya birika, watu wanamshangaa, kisha akawasha moto uani. Karafuu zikachemka mpaka maji yakawa kama kahawa, akayachuja, akakoroga unga kidogo kidogo asiache bonge hata moja. Mkono haukuwa umepika gundi hiyo tangu mzee afariki, lakini mkono haukusahau. Ilipoanza kung'aa na kuvuta akaiepua. Akaitia kwenye chungu, akaiweka ndani ya beseni la maji, kivulini, chini kabisa penye ubaridi, akaifunika kwa kitambaa kibichi. Alisita kidogo kabla hajaishusha chini. Kisha akaishusha.

Sasa ikaja kazi yenyewe. Walimwaga picha mezani, mia na sitini zimeshatoka, zimechanganyika, na nyingine walizimenya wenyewe. Custódio akashika kadi, akasoma jina, akatazama lile rundo la nyuso, akakata tamaa hapohapo. Miezi miwili ameishi nasi na hakumjua hata mmoja.

"Soma tu, chefe," Saquina akamwambia. "Soma jina na kijiji, na baba yake."

Akasoma. Saquina akatoa picha. Akasoma, akatoa. Huyu ni Ussene Selemane mwenye kovu, alianguka mnazini; huyu ni yule mwingine, mwana wa fundi saa; huyu ni Nazira, mama yake alikuwa kungwi wangu; hapana chefe, huyo si Chamima wa korosho, Chamima wa korosho ana mwanya. Telma alipaka, Agostinho akazitandaza kadi kwenye mikeka uani, kivulini, kila moja na kijiwe juu yake isijikunje. Hakuna aliyekula. Saa saba, saa nane. Akikosea moja tu, shamba la mtu limekwenda kwa mwingine, na Saquina alilijua hilo kila alipoinua mkono. Mara mbili alisimama, akafumba macho, akamwita mtu kichwani mwake atembee mbele yake, ndipo akachagua.

Saa tisa na nusu Telma alisema, "Kadi moja imebaki. Picha haipo."

Custódio akasoma. "Chamima Ussene. Mume wake Selemane. Minazi arobaini."

Telma akapiga magoti, akatafuta chini ya meza, chini ya kabati, nyuma ya mlango. Custódio akafuta jasho. Kwenye pindo la kanga, lile fundo dogo lilikuwa limemgusa Saquina ubavuni mchana kutwa. Hakuwa amelisahau. Nisiwadanganye, hakulisahau hata dakika moja. Alikuwa ameliacha liwe la mwisho, na sasa lilikuwa la mwisho, na mtu pekee aliyejua lilipo alikuwa yeye. Atafagia mpaka azikwe na ufagio wake. Kumbe leo hata ufagio anakwenda kunyang'anywa, na huyu abaki na minazi yake arobaini na mume?

"Haipo," Custódio alisema. "Basi. Tuiache hiyo moja."

Shetani alikuwa amekaa tayari, amekunja miguu. Saquina alitazama gundi iliyobaki kwenye chungu. Ilikuwa inatosha picha moja.

"Ipo," alisema, na akafungua fundo.

Aliipaka mwenyewe kwa kidole, kona zote nne, akaibandika, akaikandamiza kwa kiganja akihesabu mpaka hamsini, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Uso wa Chamima uliovimba ulikuwa chini ya mkono wake.

Saa kumi na nusu gari liliondoka. Custódio alisimama barabarani akilitazama mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi ndani, akalikuta faili la kijani mezani. Alilishika, akaligeuzageuza. Saquina akalichukua mkononi mwake taratibu, akalitia kwenye kikapu chake pamoja na mwiko, akaosha vikombe, akafunga madirisha. Mwisho wa mwezi, nao ulikuwa Desemba, mkataba wake ulikwisha na hakuna aliyeuongeza. Siku aliyokabidhi funguo hakulia. Chamima alilijaza soko zima kwa kicheko.

Miezi mitano baadaye sanduku likarudi, na watu wa rasi wakaitwa kwenye uwanja wa shule wahakiki kadi zao. Saquina alikwenda kama watu wengine, maana hata yeye alitaka kujua, akaketi nyuma kabisa kwenye mkeka wa wanawake. Jina likaitwa, mtu akaenda, kadi ikafunguliwa. La pili. La ishirini. La mia. Hakuna sura iliyokuwa imetoka. Yule bibi kikongwe akajiona, akakohoa kwa makusudi, akasema, "Mimi mzima!" Uwanja ukacheka.

Kisha akaitwa Chamima Ussene. Alipokea kadi yake kwa madaha, akaitazama, akaikwaruza kwa ukucha kwenye kona ya picha. Haikutoka. Akakwaruza tena. Ndipo akaisogeza puani, na wote tuliokuwa karibu tukamwona anavyobadilika. Akageuka polepole, akatafuta kwa macho mpaka akamwona Saquina kule nyuma.

"Hii karafuu," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya sokoni. "Hii ni gundi ya Mzee Fauzi."

Saquina akajifunika kanga usoni, akalia. Alilia mbele za watu, kwa sauti, kilio cha miaka tisa na miezi mitano, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumatatu yake mtu akabisha hodi. Alikuwa Chamima, peke yake, ameshika kitu kwenye kitambaa cheupe.

"Wa bibi yangu," alisema akitazama chini. "Umeachia kurasa tangu baba yako afe. Sikuwa na wa kumpelekea. Nilikuwa naona haya kukuuliza wewe kama unajua."

"Najua," Saquina akasema. "Karibu ndani, dada."

Aliupokea msahafu kwa mikono miwili, akaupandisha juu kabisa, kwenye ubao uleule wa mzee, mahali pake. Chamima akaketi mkekani, akitazama. Saquina akatawadha, akapika, akaikoroga mpaka ikang'aa, akaipoza, akaitia kwenye chungu. Mkono ukaanza kuinuka wenyewe kuelekea juu, kama ulivyofunzwa. Ukasimama njiani. Nyumba ya Mzee Fauzi ilishaezuliwa makuti. Saquina mwenyewe aliipiga bati kwa mshahara wake wa ufagio, na bati lilikuwa linaalika kwa jua la saa sita. Akapiga magoti, akakiweka chungu sakafuni, ndani ya beseni la maji, ubavuni pa mtungi, akakifunika kwa kitambaa kibichi.

"Niwie radhi, baba," alisema. "Siku hizi juu kuna bati."